Alama Nyekundu ya Darasa la Nne

Nimshukuru kwanza Mungu Baba, aliyenilaza jana na kuniamsha leo, macho yangu yakiwa bado yanaona na mkono ukiwa bado unashika kalamu. Mengi niliyomwomba alinipa, na mengine aliniminyia kidogo kidogo mpaka nikajifunza kungoja. Jina lake litukuzwe kabla sijasema neno langu lolote.

Juzi nilipita kwenye shule ya kijiji chetu, ile niliyosoma mimi, wakasoma wanangu, na sasa anasoma mjukuu wangu wa mwisho. Mafundi wako kazini. Wameshusha mabati yaliyoliwa na kutu, wanapandisha mapya ya rangi. Wametoa madirisha ya mbao, wanaingiza ya vioo. Sakafu inawekwa vigae, na juu ya ofisi wamefunga paneli za umeme wa jua ili watoto wafundishwe kompyuta. Msimamizi wao ni binti mdogo mwenye kofia ngumu ya njano. Alinisalimia shikamoo, nikaitika marahaba, kisha akagonga ukuta kwa ngumi na kusema, "Hizi kuta tunaziacha, mama. Zina nguvu kuliko nilivyotegemea."

Nilitaka kumweleza habari za kuta zile, lakini harufu ya rangi mbichi ilikuwa imeshanishika kooni. Nadhani watu wengi wakinusa rangi mbichi hufikiria nyumba mpya au harusi. Mimi hufikiria Pasaka.

Kijiji chetu kiko mbele ya stesheni ya Igalula, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu, kando ya njia ya zamani waliyopita wapagazi wakibeba pembe kuelekea pwani. Shule ilikuwa na nyumba chache tu, na nyumba iliyokuwa na darasa letu la nne ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko zote. Ilijengwa kwa miti na udongo, na mchwa walikuwa wamekula miti mpaka ukabaki udongo umesimama kwa mazoea. Masika yalipochanganya, ukuta wa nyuma ulipasuka kutoka juu hadi chini. Ufa ulikuwa mpana kiasi kwamba mwanafunzi aliyechelewa aliweza kumpitishia mwenzake madaftari kwa nyuma, kisha akaja mlangoni mikono mitupu akasema alikuwa ametumwa na mwalimu. Sisi tuliupenda ufa ule. Ulikuwa unatuletea upepo, na siku moja ulituletea kichwa cha mbuzi katikati ya hesabu.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Sisi ni Wamoraviani, na Baba ndiye aliyewafundisha watoto kila Jumapili. Alikuwa na namna ya kusimulia iliyomfanya mtu ageuke kutazama nyuma yake. Jumapili moja kabla ya Pasaka alitusimulia jinsi wana wa Israeli walivyojiandaa kutoka Misri. Alituonyesha kwa mkono wake walivyochovya kishada cha majani katika damu ya mwanakondoo na kuipaka milangoni, na jinsi kifo kilivyopita katika nchi nzima kikiruka kila nyumba yenye alama nyekundu. Nilirudi nyumbani nikautazama mlango wetu, mtupu, nikaingia kwa haraka.

Wiki hiyo hiyo ikaja landrova kutoka Tabora. Alishuka bwana mmoja mrefu aliyevaa kaptula, ambaye watu walimwita Bwana Ujenzi. Aliingia darasani mwetu tukiwa tumekaa, akachomeka nondo ukutani, ikatokea upande wa pili. Akatazama juu kwenye paa, akatutazama sisi. Alitoka akaenda kwenye gari, akarudi na kopo la rangi na brashi, na pembeni mwa mlango wetu akachora mistari miwili mikubwa iliyopishana, kuanzia mkono wake ulipofika juu hadi magotini. Rangi ilikuwa nyekundu, ikawa inachuruzika. Harufu yake hatukuwahi kuinusa maishani.

Siku hizi hata mtoto wa chekechea anaijua alama ile, maana imechorwa kwenye nyumba nyingi kando ya barabara. Wakati ule kijijini kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuiona. Mimi niliielewa palepale, nikaielewa kinyume.

"Tumeokolewa," nilimwambia rafiki yangu Nyamizi tukiwa njiani kurudi nyumbani. Nyamizi alikuwa Mkatoliki na alipenda kubisha.

"Tumeokolewa na nini?"

Nikamsimulia habari yote ya Misri kama Baba alivyosimulia, na mimi nikaongeza fisi. Nyamizi alipiga teke jiwe la njiani.

"Kwa nini wamepaka darasa letu peke yake?"

"Kwa sababu ndilo bovu. Ndilo lililokuwa linahitaji."

"Na la tatu je? Mdogo wangu yuko la tatu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulitazamana, na nadhani wote wawili tulimwona mdogo wake palepale, na kamasi zake, ameachwa bila alama.

Jumamosi tulibomoa udongo mwekundu kwenye kichuguu, tukauponda, tukautia maji kwenye sufuria mbovu ya mama yake Nyamizi. Tukafunga kishada cha nyasi. Tulipaka darasa la tatu alama ileile, tukapaka la pili na la kwanza, tukapaka ofisi na stoo ya majembe. Mwalimu Mkuu na mkewe walikuwa wamekwenda Igalula, kwa hiyo tukaipaka na nyumba yao, mlango wa mbele na wa jikoni.

"Na choo?" aliuliza Nyamizi.

"Mwalimu Mkuu hukaa humo muda mrefu."

"Basi tupake mara mbili."

Jumatatu asubuhi tulipofika shuleni, tulimkuta mke wa Mwalimu Mkuu uani, amezungukwa na godoro, masufuria na kuku waliofungwa miguu. Alikuwa analia huku akikunja mkeka. Mumewe alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, mikono kichwani. Yeye peke yake ndiye aliyeambiwa na Bwana Ujenzi maana ya alama, na alikuwa ameificha moyoni akingoja mkutano wa kijiji. Walirudi jioni ya Jumapili, giza limeanza, wakalala bila kuona. Sasa kumekucha, amemwambia mkewe, na shule nzima imehukumiwa pamoja na kitanda chake.

Kengele ikagongwa, tukasimama mstarini.

"Nani amefanya hivi?"

Nikanyoosha mkono juu kwa furaha. "Mimi na Nyamizi, Mwalimu. Tumemaliza zote."

"Mmemaliza kufanya nini?"

"Kuziokoa, Mwalimu."

Nilimweleza. Nilipofika kwenye mwanakondoo, aligeuka akautazama ukuta wake, akausugua kwa kidole, udongo ukadondoka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia kama mkewe. Alikuwa anacheka, lakini kicheko kile hakikuwa na afya. Alikaa kwenye kizingiti akaniita karibu.

"Mwanangu, damu ya baba yako na rangi ya yule bwana si kitu kimoja. Alama hii maana yake darasa lenu litabomolewa. Halifai tena. Watawapeleka kusoma kule stesheni."

Sikulia mbele yake. Nililia nilipofika nyumbani, nikamuuliza Baba kama Mungu anaweza kukosea rangi. Baba alikuwa ameshapata habari, maana Mwalimu Mkuu alikuwa amempitia na kumwambia, "Mzee, mwanafunzi wako wa Jumapili amenihamishia mke wangu uani." Alinipakata, jambo ambalo hakuwa akilifanya tena tangu nianze shule, na akaniambia kwamba Mungu hakukosea. Halafu akanishusha, akaenda kuzungumza na Mama jikoni kwa sauti ya chini, na hilo likanitisha kuliko maneno.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Njia ya kwenda stesheni ilikata pori lenye fisi, na Baba hakuwa tayari kunituma huko kila alfajiri. Dada yake, Shangazi Milembe, alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, akiishi peke yake Usinge, mbali kwenye reli ya Kigoma. Siku nyingi alikuwa ameomba nikaishi naye. Usinge wakati ule shule ilikuwa mbali zaidi na shamba lake, na kila mtu nyumbani alijua, ingawa hakuna aliyetamka, kwamba nikienda kule nitalima tumbaku na kuchota maji, na kitabu kitakuwa kimefungwa. Baba alituma salamu kupitia fundi mmoja wa reli: mavuno yakiisha na darasa jingine halijajengwa, Milembe aje kumchukua mtoto.

Baada ya Pasaka Bwana Ujenzi alirudi kwa ajili ya mkutano. Alipoziona alama zetu aliuliza ni ofisi gani imetuma mtu mwingine. Alipoelezwa hakucheka. Alizunguka nyumba zote moja baada ya nyingine, akizigonga, kisha akasimama mbele ya watu.

"Watoto wenu wamepaka nyumba zote kwa sababu wanataka zisimame," alisema. "Mimi nimepaka moja kwa sababu itaanguka. Nikiiacha, siku moja mtanipigia simu kutoka stesheni kuniambia mnafukua watoto."

"Serikali inatunyang'anya shule!" alipaza sauti mtu mmoja nyuma.

"Sina saruji ya kuwapa. Lakini nisikilizeni. Fyatueni matofali, yachomeni, simamisheni boma la darasa jipya mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha, kabla ya mvua. Mkifika lentani, mimi nitaleta mbao na mabati. Nisipoleta, njooni Tabora mnipake rangi mimi."

Hapo watu wakacheka, na mama yangu akasimama. Mama hakuwa na kawaida ya kusema mbele za watu.

"Na maji ya matofali atachota nani?"

"Ninyi akina mama, nani mwingine?" alijibu mwanamume mmoja.

"Sawa. Basi atakayelala nyumbani siku ya matofali asitafute ugali jioni."

Akina mama wakapiga vigelegele, na kwa vigelegele hivyo azimio likapita.

Lakini kwetu Unyamwezi kazi kubwa ya watu wengi haiendi kimyakimya. Kuna kikundi cha jembe, na kikundi kina manju anayeongoza nyimbo, na manju ana ngoma. Ngoma ikipigwa, watu wanalima shamba zima kama vile wanacheza. Tatizo ni kwamba manju wetu hakutoa ngoma yake bila pombe, na Baba, mzee wa kanisa, hakutaka pombe ikaribie mahali watoto watakapofundishwa. Walikutana nyumbani kwetu, nami nilikuwa nachambua mchele kando.

"Mzee," alisema manju, "ngoma yangu ina kiu."

"Itapewa togwa."

"Togwa ni uji wa watoto!"

"Na darasa ni la nani?"

Manju alikuna kidevu. "Itakuwa nyingi?"

"Mpaka uombe radhi."

"Na nyimbo? Maana nyimbo zangu, mzee, nyingine..."

"Hizo nyingine nitakuwa nimekwenda kuchota maji," alisema Baba.

Ndivyo tulivyoanza. Wanaume walikanyaga udongo kwa mdundo, waliojaza kalibu za matofali wakazijaza kwa mdundo, na sisi watoto tukapanga matofali juani kwa mdundo uleule. Walipochimba msingi waliokota shanga za buluu na kipande cha jembe la kale, vitu vilivyodondoshwa na wapagazi, na wazee wakatuambia mahali pale palikuwa kambi yao. Nilidhani basi tunajenga juu ya watu wanaopumzika, nikawa natembea taratibu.

Kisha tanuru la kwanza likatushinda. Moto ulizima katikati, na tulipolifungua, matofali ya ndani yalikuwa yamebaki na rangi ya udongo, ukiyaminya yanavunjika kama mkate. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, ila kesho yake walikuja wachache, na keshokutwa wachache zaidi. Kuna waliosema mavuno yamewachosha, na kuna waliosema stesheni si mbali sana. Ngoma ikawa imetundikwa kwa manju. Mama aliendelea kuchota maji na wanawake wachache, na Baba alifyatua peke yake, akiimba nyimbo za kanisani ambazo hazina mdundo wa kukanyagia udongo.

Wakati huo ndipo aliposhuka Shangazi Milembe. Alitembea kutoka Igalula na kifurushi kichwani, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, na sauti iliyotangulia mwili wake. "Mwangaluka!" alitusalimia kwa Kinyamwezi kabla hatujamwona. Aliniletea gauni jipya. Aliniambia kitanda changu ameshakiwamba kamba na amekiweka upande wa dirisha ili nione treni ikipita. Nilimpenda, nikamwogopa, nikajificha nyuma ya Mama.

Kesho yake asubuhi aliuliza, "Wifi yangu yuko wapi?" Nikamwambia yuko mtoni. Nikampeleka. Alimkuta Mama anapanda ukingo, ndoo kichwani, mguu mmoja umeteleza, amechoka hata salamu hakuitikia vizuri. Shangazi alimtazama. Akatazama kule juu, kwenye ule msingi mtupu na Baba ameinama peke yake. Akafungua khanga yake ya pili, akaifunga kiunoni, akaipokea ile ndoo.

"Nimekuja kuchukua mtoto," alisema, "mnanipa ndoo."

"Mwenyewe umeishika," alisema Mama.

"Haya, niongezee kata. Mtu mwenye sauti kama yangu hachoti nusu."

Akachota siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Alipita katikati ya kijiji kwa makusudi, maji yakimchuruzika mabegani, akimsalimia kila aliyekaa kivulini. "Mwadila, baba! Pumzika tu, mimi mgeni nitachota. Shule ni ya kwenu lakini mgongo ni wangu." Alipita mlangoni kwa manju akaweka ndoo chini kabisa, akamuuliza kama ngoma imekufa ili atoe rambirambi. Watoto wakacheka, wakamfuata. Kabla ya Jumapili, manju akatokea na ngoma yake begani, uso umekunjamana. "Huyu mwanamke," alimwambia Baba, "mrudisheni Usinge upesi, au tumjengee nyumba hapa." Na nyuma yake wakaja wengine, mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa njiani wanakuja hata kabla ya kuambiwa.

Tanuru la pili lilikaa na moto mpaka likaiva lote. Kuta zikapanda. Siku lenta ilipofungwa, Bwana Ujenzi aliletewa habari, na kwa neema ya Mungu akaja na lori la mbao na mabati kabla ya wingu la kwanza. Alichukua kopo lake akatafuta mahali pa kupaka, akakosa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Darasa kongwe lilibomolewa mbele yetu. Lilihitaji kusukumwa kidogo tu. Lilikaa chini kama mzee aliyechoka, na vumbi lake likapita juu yetu sote. Nikaona rundo la udongo mahali palipokuwa na dawati langu.

Shangazi alikaa mpaka tulipoingia darasa jipya, akalichungulia dirishani siku ya kwanza, akaondoka siku ya pili yake. Tulimsindikiza Igalula. Njiani kila mtu alizungumza sana, isipokuwa mimi. Nilikuwa nimefurahi kubaki, na wakati huohuo nilikuwa nimeumia, kwa sababu akili yangu ya kitoto ilikuwa imefanya hesabu zake: shangazi aliyetaka kunichukua hakusema tena neno la kunichukua, na alikuwa amejenga kwa nguvu kuliko mtu yeyote ili nisiende kwake. Basi bila shaka alikuwa amenichunguza, akaona sifai.

Treni iliingia. Alipanda, akakaa upande wa dirisha, akanyoosha mkono kunishika kichwa. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo ili Baba asisikie.

"Shangazi, hunitaki tena?"

Alinitazama, na ile sauti yake kubwa ikatoka ndogo kama yangu.

"Nakutaka mno. Ndiyo maana nimechota."

Treni ikaondoka kuelekea Tabora, Kaliua, na kule mbele zaidi. Nilisimama pale mpaka Mama akanivuta. Neno lile sikulielewa siku ile. Nililielewa nilipokuwa na wanangu, nikawaona wakipanda mabasi na kuondoka, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafungia mizigo.

Wewe unayesoma haya, Mungu akupe mtu wa kukupenda kwa namna hiyo, na akikupa mtoto wa kumpenda, akupe nguvu ya kumwachia aende au abaki panapomfaa. Paa la nyumba yako lisivuje, watoto wako wakae mahali salama wakisoma, na siku ya kazi ya pamoja miguu yako isichoke kabla ya moyo wako. Amani ya Bwana ikae kwako. Amina.